Kutoka Magubike Hadi Tukuyu kwa Kufuata Meno

Ukitoka mjini Iringa kwa barabara ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ukapita Kalenga, nchi inaanza kukauka na matale makubwa yanachomoza katikati ya mashamba ya mahindi na alizeti. Huko ndiko kiliko kijiji cha Magubike. Chini ya tale moja pana kivuli kikubwa, mahali pa kujibanza mvua inapopita, na watu wamejibanza hapo tangu enzi zisizokumbukwa na mtu. Mwaka 2006 wachimbaji wa mambo ya kale, wakiongozwa na Profesa Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada, walitoa katika udongo huo meno sita ya binadamu. Matatu yalikuwa ya mbele, moja chonge, mawili magego madogo. Yote ni ya taya la juu na hakuna lililojirudia, kwa hiyo huenda yalitoka kinywani mwa mtu mmoja. Kwa makadirio ya tahadhari, mtu huyo aliishi si chini ya miaka 45,000 iliyopita. Alikuwa binadamu kamili, na baadhi ya alama za meno yake zinafanana na za Wasani wa kusini mwa Afrika.

Taarifa ya meno hayo ilichapishwa mwaka 2018. Miongoni mwa walioiandika ni Dkt. Pastory Bushozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Niliisoma nyumbani Arusha, na kilichonifanya nifunge safari ni jambo moja dogo ndani yake. Meno matatu ya mbele yana mikwaruzo upande wa nje, ule unaogusa mdomo, nayo ni mikubwa kuliko vijistari vinavyoachwa na chakula. Kutafuna hakuachi alama kama zile mahali pale. Watafiti wanasema meno hayo yalitumika kama zana, katika kazi iliyorudiwa tena na tena kwa maisha yote ya mwenyewe.

Tumezoea kuyauliza meno ya kale swali moja tu: walikula nini? Nami nilidhani nitarudi na majibu ya chakula. Lakini nikiwa nimesimama chini ya tale lile nilijikuta nawaza zaidi juu ya kazi. Hapa palikaa mtu mwenye shughuli zake, mikono miwili haikumtosha, akaongeza mdomo.

Kijana wa kijijini aliyetuongoza alinionyesha vipande vya makombe ya konokono wakubwa wa nchi kavu ardhini. Wachimbaji waliyakuta kwa wingi, na baadhi yake ndiyo yaliyopimwa kutafuta umri wa tabaka la udongo lenye meno. Nilimuuliza kama wao wanawala konokono hao. Alikunja uso. "Hapana, dada. Sisi tunawaona tu shambani." Mchana tulikula nyumbani kwao: ugali mweupe, maharage, na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Niliangalia mataya yetu yakifanya kazi, na kwa kweli yalifanya kazi kidogo sana. Tonge la ugali mtu halitafuni. Analiviringisha kiganjani, analichovya, linateleza kwenda zake. Kazi yote ilishafanywa na mashine ya kusaga, moto na mwiko.

Hilo si jambo dogo. Taya la mtoto hukua kulingana na kazi linalopewa, na vizazi vilivyolelewa kwa chakula laini mara nyingi hukosa nafasi ya gego la mwisho, lile linalochelewa na kuleta maumivu mtu akiwa ameshakuwa mtu mzima. Baba wa yule kijana alisikia tukizungumza hayo, akafungua kinywa na kutuonyesha pengo nyuma kabisa ya taya la chini. Jino lilitoka limelala, likang'olewa. Bibi yake, alisema, alizeeka akiwa na magego yote na alikuwa akitafuna bisi mpaka mwisho.

Siku iliyofuata nilikutana na bibi mmoja pembezoni mwa mji wa Iringa, amekaa juu ya mkeka mbele ya nyumba yake, anasuka vikapu. Vikapu vya Iringa vinajulikana nchi nzima. Husukwa kwa milulu, majani membamba ya kinamasini, na wenye ufundi huo ni wanawake wa Kihehe. Nilimwamkia. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu. Kamwene." Akanisogezea kigoda, akaendelea na kazi yake.

Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga. Mkono wa kushoto ulishika kitako cha kikapu, wa kulia ukapitisha jani, na kila alipotaka kukaza alilibana lile jani jingine kwa meno ya mbele, akavuta kichwa nyuma kidogo, akaliachia. Alifanya hivyo bila kukoma na bila kufikiri, huku akinisimulia habari za wajukuu. Nilipomwambia habari za meno ya Magubike hakushangaa hata kidogo. "Kazi hii ina mikono mitatu," alisema. Kisha akanionyesha meno yake ya mbele kwa ncha ya kidole. Makali yalikuwa yamelika, na moja lilikuwa na kijipengo mahali jani linapopita.

Tanzania ina ushahidi wa zamani zaidi wa tabia hii. Katika Bonde la Olduvai lilipatikana taya la juu la mmoja wa wale binadamu wa kale wanaoitwa Homo habilis, la miaka ipatayo milioni 1.8. Watafiti waliolichunguza, na kutoa taarifa mwaka 2016, waliona mikwaruzo kwenye meno ya mbele, mingi ikiwa imeinamia upande mmoja. Wanaieleza hivi: mtu anauma kipande cha nyama, anakivuta kwa mkono wa kushoto, anakikata kwa jiwe lililo mkono wa kulia, na jiwe linapoteleza linaparuza jino. Mwinamo wa mikwaruzo unaonyesha kwamba mwenye taya alitumia zaidi mkono wa kulia. Mifupa ya mikono imeoza zamani, lakini habari ya mkono imebaki kinywani.

Bibi wa vikapu alikuwa naye ananisoma. Nilipocheka aliniangalia, akasema, "Wewe umekulia Arusha." Sikuwa nimemwambia. Nimekulia Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, na meno yangu ni ya kahawia kama ya wengi wa nyumbani. Maji ya upande ule, yanayopita kwenye miamba ya volkano, yana floraidi nyingi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kwetu kuna visima na chemchemi ambazo maji yake huzidi kiwango hicho mara nyingi. Mtoto anapokunywa maji hayo wakati jino lake linaumbwa ndani ya taya, enameli, yaani lile gamba gumu la nje, inaumbwa na kasoro. Jino likishatoka, maji hayana tena uwezo wa kuliumba upya, hata mtu akahamia mahali penye maji safi kuliko yote. Kuna kituo cha utafiti Ngurdoto kilichoshughulika kwa miaka mingi na namna ya kupunguza floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Ni kazi ninayoiheshimu sana, maana nimeona wasichana wengi wa kwetu wanaoziba mdomo kwa kiganja kila wanapocheka.

Nilikaa nikilitafakari jambo hilo njia nzima ya kurudi mjini. Enameli hukua tabaka juu ya tabaka, kama shina la mti linavyoongeza pete, na ikishakamilika haifanyiwi ukarabati. Mfupa hujijenga upya maisha yote, ngozi hubadilika, nywele hukatwa. Jino linabaki na utoto wake. Yule bibi hakuhitaji maabara kunijua. Alikuwa ameshawaona wanafunzi, askari na madereva wa kaskazini.

Kalenga niliipitia kwa sababu ya fuvu. Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe aliyewapiga Wajerumani Lugalo mwaka 1891, alijiua Julai 1898 ili asikamatwe, na kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliamuru kirudishwe, lakini ilipita miaka mingi. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda katika jumba la makumbusho la Bremen, akakuta mafuvu mengi, na akachagua moja kwa kulinganisha uwiano wa upana na urefu wake na vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. Juni 1954 alilikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Sasa liko hapo Kalenga, ndani ya kijumba cha kioo, na wageni wanaliangalia kwa adabu.

Nilisimama mbele yake nikifikiri jinsi kipimo kile kilivyokuwa hafifu, utepe na hesabu ya mgawanyo, kwa jambo zito kama lile. Leo jino moja lingeweza kusema mwenye fuvu alikunywa maji ya nchi gani akiwa mtoto. Lakini kulitoboa jino hilo si uamuzi wa mtafiti, wala wangu mimi mgeni. Ni wa ukoo na wa Wahehe, na iwapo hawataki kuuliza, nadhani wana haki yote. Mwili wake, kwa mujibu wa kumbukumbu zao, umelala Mlambalasi, na karibu na kaburi hilo kuna pango la mwamba ambamo pia ilichimbuliwa mifupa ya watu wa Zama za Mawe za Mwisho pamoja na shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Ardhi ya Iringa imezoea kulaza watu wa nyakati tofauti mahali pamoja.

Isimila, kando ya barabara ya kwenda Mbeya, kila mtu anaijua kwa nguzo zake za udongo, zilizochongwa na mvua katika korongo. Wenzangu walipiga picha nguzo. Mimi nilibaki kwenye mashoka ya mkono. Eneo hilo lilitambuliwa mwaka 1951 na mwanafunzi kutoka Afrika Kusini aliyeitwa Maclennan, na likachimbwa mwaka 1957 na 1958 na timu ya Clark Howell. Umri uliopatikana ni kama miaka 260,000. Mawe yamelala ardhini kwa mamia, mengine mazito mpaka unayainua kwa mikono miwili. Palipatikana na mifupa ya wanyama, akiwamo kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka aliyekuwa na macho yaliyoinuka juu ya fuvu. Lakini mtu mwenyewe, aliyeyachonga mawe yale, hakuacha hata jino.

Ili kumwona mtu wa nyakati hizo ni lazima uifuate barabara hiyohiyo mbali zaidi, upite Mbeya, uvuke Tunduma, uingie Zambia mpaka Kabwe. Huko, mwaka 1921, wachimba madini walikuta fuvu ambalo vipimo vilivyotangazwa mwaka 2020 vinasema lina miaka ipatayo 299,000. Magego yake yameoza vibaya. Meno kumi ya taya la juu yana mashimo, na mizizi mingine ilitunga usaha mpaka ikala mfupa. Tumeambiwa mara nyingi kwamba meno kuoza ni ugonjwa wa sukari ya kiwandani na peremende, na ni kweli hizo zimeuzidisha sana. Lakini mtu wa Kabwe hakuonja soda, naye aliugua. Nilipomweleza mlinzi wa Isimila habari hiyo alinyamaza kidogo, kisha akashika shavu lake mwenyewe, akasema, "Na hakukuwa na wa kumng'oa." Sikuwahi kumhurumia mtu wa kale kama nilivyomhurumia yule wakati huo. Fuvu lake liko London mpaka leo, ingawa Zambia inalidai.

Kutoka Iringa kwenda Mbeya barabara inapita katika baridi na misonobari. Sao Hill kuna msitu wa kupandwa unaofuatana na basi kwa muda mrefu, mistari iliyonyooka, harufu ya utomvu, malori ya mbao. Mafinga wachuuzi walikimbilia madirisha na viazi vya kuchemsha, mahindi ya kuchoma na vipande vya muwa. Kaka aliyekaa jirani yangu alinunua muwa ambao haujamenywa. Akaumenya kwa meno kutoka Mafinga karibu mpaka Makambako, ganda moja moja, kwa ustadi mkubwa, anauma, anageuza kifundo cha mkono, anavuta. Ilinijia kwamba kwa mtu asiyejua, mikwaruzo ya kinywa chake ingesomeka "chakula". Ilikuwa chakula na ilikuwa kazi pia, na sidhani mtu wa Magubike alitenga viwili hivyo.

Mbeya nilifika jioni, Mlima Loleza umevaa ukungu. Asubuhi soko la Mwanjelwa lilikuwa limejaa viazi, mchele wa Kyela na wa Mbarali, maparachichi, maharage ya kila rangi. Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma ndiyo mikoa minne tuliyofundishwa shuleni kuwa inalilisha taifa, na ukiingia soko lile huhitaji takwimu. Lakini safari yangu ilikuwa ya kushuka bondeni, upande wa Ziwa Rukwa.

Bonde la Songwe ni nchi nyingine. Unaacha sweta kwenye gari. Mto Songwe ninaousema ni ule unaomimina maji Ziwa Rukwa, maana kuna mwingine wa jina hilohilo unaotugawa na Malawi. Mawe hapa ni mekundu, mchanga uliogandamana, na ndani yake watafiti wa mradi wa Bonde la Rukwa, Wamarekani wakishirikiana na Watanzania, wamekuwa wakitoa mambo ya ajabu. Karibu na Galula ndiko alikopatikana mamba mdogo wa miaka ipatayo milioni 105, mwenye ukubwa wa paka, aliyetangazwa mwaka 2010. Walimwita Pakasuchus kapilimai, jina la pili likiwa heshima kwa Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mamba wa leo hana haja ya gego. Anashika na kumeza. Huyu alikuwa na machonge mbele na magego nyuma, ya juu yakikaa sawasawa juu ya ya chini, kama ya mnyama anayenyonyesha. Alitafuna. Katika bara ambalo wanyama wanyonyeshao walikuwa bado wachache, mamba alijifunza kula kama wao.

Kilichonivuta zaidi ni kidogo kuliko hicho. Mwaka 2013 Profesa Nancy Stevens na wenzake, wakiwamo Sifael Ngasala na Joseph Temu, walitangaza visukuku viwili kutoka miamba ya Nsungwe. Kimoja ni kipande cha taya la chini upande wa kulia, chenye magego, la mwisho likiwa bado linatoka. Huyo ni Rukwapithecus, mnyama wa kama kilo 12, mzee kuliko wote wanaojulikana wa jamii ya sokwe, ambayo sisi tumo. Cha pili ni kipande cha taya chenye gego moja tu. Huyo ni Nsungwepithecus, wa zamani kuliko wote wa upande wa tumbili na nyani. Majivu ya volkano yaliyolala katika miamba ile yalitoa umri wa miaka milioni 25.2. Wataalamu wa vinasaba walikuwa wamekadiria kwamba koo hizo mbili ziliachana kati ya miaka milioni 25 na 30 iliyopita, lakini ushahidi wa ardhini ulikuwa nyuma kwa mamilioni ya miaka. Taya moja na gego moja kutoka Mbeya viliwapatanisha.

Mtu atauliza, jino moja linamtambulishaje tumbili? Kwa milima yake. Gego la tumbili lina matuta mawili yaliyokingama, moja mbele, jingine nyuma, yanayokata majani. Gego la chini la sokwe lina vilima vitano, na kati yake makorongo yanayokutana kwa umbo la herufi Y. Msomaji apitishe ulimi kwenye gego lake kubwa la kwanza la chini, kama bado analo; kuna uwezekano mkubwa mpangilio huo uko pale. Nilimwonyesha kijana wa bodaboda aliyenipeleka mpaka kingo za mawe mekundu, nikimchorea mchangani. Aliuchunguza mchoro, akapitisha ulimi kinywani kimyakimya, kisha akacheka kwa sauti. Amezaliwa kijiji cha jirani na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ardhi anayoipita kila siku imetoa taya lile.

Hilo lilinichoma, na bado linanichoma. Ng'ambo ya mpaka, Karonga, Wamalawi wana jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2004, na watoto wa mji huo huona mfano wa mifupa ya dinosaria wao wenyewe. Mfano wa plasta wa taya la Rukwapithecus haugharimu fedha nyingi. Ningependa kuuona katika shule za Bonde la Songwe, na mfano wa meno sita katika shule ya Magubike, mkononi mwa mtoto, si nyuma ya kioo Dar es Salaam.

Kutoka Mbeya nilipanda Tukuyu kwa wenyeji wangu. Unapita Uyole, Mlima Rungwe unasogea, na kila kitu kinageuka kijani: chai, migomba, miparachichi, mvua. Iringa udongo unakuambia mahindi. Hapa mgomba umekaa mpaka mlangoni. Mama mwenyeji, mwalimu mstaafu, alinipokea kwa "Ndaga, mwanangu" na sahani ya ndizi zilizopikwa na maharage, laini, zenye mafuta kidogo. Kwetu nako tunakula ndizi, tunapika na nyama, lakini hizi zilikuwa na utamu mwingine, na nilisema hivyo. Alifurahi.

Mezani nilimsimulia habari ninayoipenda kuliko zote za meno. Hewani kuna kaboni ya aina mbili, nyepesi na nzito kidogo. Mahindi, ulezi, mtama, muwa na nyasi za mbugani hubakiza ile nzito zaidi kuliko migomba, mpunga, maharage, viazi na miti. Mtoto anachokula kinaingia katika enameli na kukaa humo hata baada ya miaka milioni. Zinjanthropus wa Olduvai, aliyeokotwa na Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959, ana magego makubwa ajabu na taya zito, na kwa miaka mingi alisemwa kuwa mvunja kokwa. Mwaka 2008 Nikolaas van der Merwe, Fidelis Masao na Marion Bamford walitangaza kaboni ya meno yake na ya mwenzake wa Peninj, karibu na Ziwa Natron. Zaidi ya robo tatu ya chakula chao ilitokana na mimea ya jamii ya nyasi na ndago. Huenda magego yale yalikuwa ya kusaga majani mengi na mizizi siku nzima. Sasa chukua ndugu yake, wa aina ileile, aliyepatikana Malema karibu na Karonga, safari fupi kutoka hapa Tukuyu, mzee zaidi, wa miaka kama milioni 2.4. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba yeye alikula zaidi vitu vya mitini na vichakani. Taya lilelile, magego yaleyale, chakula tofauti, kwa sababu nchi ilikuwa tofauti.

Mama alisikiliza kwa makini ya mwalimu. "Kwa hiyo wa Olduvai alikuwa mtu wa ugali, na wa Karonga wa ndizi," alisema. Mahindi na migomba havikuwapo Afrika zama hizo, lakini kwa kaboni alikuwa sahihi kabisa.

Akawaza kidogo. Ana mabinti wawili. Wa kwanza alikulia Mafinga, mumewe alipokuwa kazini huko msituni, mpaka akamaliza darasa la saba. Wa pili alizaliwa na kukulia hapahapa. "Basi hawa wanangu, tumbo moja, wangeonekana wa makabila mawili?" Nilimwambia ndiyo, huenda kipimo kingewatenga: mkubwa mtoto wa ugali, mdogo mtoto wa ndizi. Alitikisa kichwa. "Hapana. Mafinga nilikuwa natumiwa ndizi na mama yangu kwa basi, kila wiki. Mkubwa amekula ndizi. Hao wataalamu wako watamweka wapi?"

Sikuwa na jibu zaidi ya kusema angekaa katikati. Lakini swali lake ni kubwa kuliko lilivyosemwa mezani. Mtu wa Magubike alikula kilichofikiwa na miguu yake, na kwa hiyo meno yake ni ramani ya nchi yake. Sisi tunakula mchele wa Kyela tukiwa Arusha, chapati za ngano iliyotoka ng'ambo ya bahari, viazi vya Mbeya Dar es Salaam. Hata maji ya kwetu sasa wengi huyanunua ya chupa, na watoto wa dada yangu wana meno meupe ambayo yule bibi wa vikapu asingeweza kuyasoma. Hili la mwisho nalishangilia kwa moyo wangu wote.

Binti mdogo alikuwa ameshasimama, anafunga kiroba. Dada yake ameolewa hukohuko Mafinga na ana mtoto wa miaka miwili, umri ambao magego ya kwanza ya utu uzima bado yanaumbwa ndani ya taya. Ndizi zilikuwa chini, maparachichi juu, na basi lilikuwa linaondoka stendi kabla ya saa nane. Alikwishafika kwenye migomba ya mwisho mama alipomkimbilia mlangoni na kumpigia kelele: "Na umwambie hizo ni za mtoto! Asiwagawie majirani!"